Mwarobaini wa Usawa wa Ukuta

Juma lililopita walikuja vijana wa umeme hapa kwetu Voi, na ngazi yao na misumeno, wakaniambia mwarobaini wa langoni umeanza kugusa nyaya. Mmoja akapanda, akajiweka sawa kwenye panda la mti, akaniuliza kutoka juu, "Madam, tukate mpaka wapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Usawa wa ukuta." Wakacheka wote. Hapa hatuna ukuta, rafiki yangu. Tuna ua wa minyaa, tena wenye mapengo ambayo mbuzi wa jirani wanayajua kuliko mimi. Nikacheka nao, nikawaambia wakate watakavyo, nikaingia ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Kuna maneno ambayo mtu ameyasikia sana utotoni mpaka yanatoka yenyewe, na yakishatoka unajikuta umechoka, wala hujafanya kazi yoyote.

Ukuta wenyewe ulikuwa Riyadh, mtaa wa Manfuha. Watu wakisikia nilikulia Saudia huniuliza kama baba alikuwa balozi. Balozi gani! Mama alikuwa mfanyakazi wa nyumbani aliyemtoroka kafili wake, yaani yule mwajiri ambaye bila jina lake wewe si mtu halali. Ukimkimbia huna ikama, ile karatasi ya ukaazi, na asiye na ikama anaishi kwa kujificha. Mimi nilizaliwa chumbani, mkunga wangu akiwa mwanamke wa Kihabeshi wa nyumba ya pili, na hakuna karatasi hata moja duniani iliyosema kwamba nimezaliwa. Mama aliogopa kitu kimoja tu. Si kukamatwa, kwani wangapi walikamatwa wakarudishwa kwao wakaendelea na maisha. Aliogopa kwamba wakimkamata wataniona mimi pembeni yake, watauliza huyu ni wa nani, naye hatakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Alikuwa amesikia habari za watoto waliopelekwa huku na mama zao wakapandishwa ndege kule. Kila alichofanya miaka ile, kizuri na kibaya, ukikichimba chini utaikuta hofu hiyo.

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, vyumba vinne kuzunguka uwanja wa saruji, na upande wa uchochoroni ukuta uliompita mtu mzima kimo. Kiangazi saruji ile haikukanyagika. Nakumbuka mama akiimwagia maji jioni ili tuweze kutandika mkeka, na maji yenyewe yakipanda kama mvuke wa sufuria. Ndani kulikuwa na joto, nje kulikuwa na jua, na kutoka hakukuruhusiwa. Ndipo mama akaamua kwamba pale katikati ya saruji utaota mti.

Naye hakuwa mgeni wa kulea miti. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Jeddah, huko Aziziya, kwa madam mmoja aliyekuwa amesoma ng'ambo na kurudi na mapenzi ya mti wa nchi za baridi, ule ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Mama aliuita mepo, kwa kuwa ndivyo alivyomsikia madam. Jina lake kamili ni mepo mwekundu, maana majani yake huiva yakawa mekundu kabisa. Mche ulikaa sebuleni kwenye chungu kikubwa, AC ikiwaka mchana na usiku kwa ajili yake, na mama akilala stoo penye feni iliyokufa. Kila asubuhi aliufuta majani kwa kitambaa chenye maji, akageuza chungu kidogo ili kila upande upate dirisha. Maji yake yalikuwa ya chupa. Madam aliwaambia wageni kwamba ukikua atauhamishia bustanini, wanywe kahawa chini ya kivuli chake. "Mti ule," mama alikuwa akisema, "ulikuwa na ikama kuliko mimi."

Basi msimu wa baridi ulipoingia, majani yakawa mekundu kweli, wageni wakaja kuyapiga picha. Halafu yakaanza kudondoka. Mama aliokota la kwanza, akalificha mfukoni. Siku chache baadaye mifuko haikutosha. Mti ukabaki vijiti vitupu, na madam akasema mama ameumwagia maji ya sabuni kwa chuki. Alipigwa kofi, akaambiwa akusanye nguo zake, kesho anarudishwa kwa ofisi iliyomleta. Chungu kikatolewa nje kando ya pipa la takataka. Asubuhi, akiwa ametumwa kutupa uchafu, mama alikipita kile chungu akaendelea na safari yake. Akafika Riyadh kwa gari la dereva Mkenya ambaye baadaye alikuja kuwa baba yangu.

Miaka mingi baada ya hapo, nikiwa shuleni hapa Voi, mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba miti ya nchi za baridi humwaga majani yake yote, ikasimama mitupu kama iliyokufa, kisha ikachipua tena. Nilikimbia nyumbani bila kungoja kengele ya mwisho. Nikamkuta mama anachambua maharage. Nikamwambia, mama, mti ule haukuwa umekufa, ulikuwa umelala tu. "Kumbe," akasema. Akaendelea kuchambua. Sinia lilipokaribia kwisha ndipo aliponiambia, "Basi walitupa mzima." Hakusema kama anazungumzia mti.

Huu wa Manfuha aliuleta baba. Jeddah kuna miarobaini barabarani, na chini yake huota miche midogo ambayo wafagiaji huing'oa. Baba aliung'oa mmoja kabla yao, akausafirisha kwa kopo la maziwa ya unga kwenye kiti cha mbele, akiuwekea kitambaa cha maji. Sikumbuki siku hiyo, nilikuwa najifunza kutembea. Muda si mrefu baba alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani, akarudishwa Kenya, na huko akapata maisha mengine. Simlaumu sana. Mti alioleta ulitulea kuliko wanaume wengi wanavyolea.

Kabla hajakamatwa, yeye na mama waliivunja saruji kwa nondo na kijiko cha chuma, kidogo kidogo, wakati ule wa mchana ambapo mitambo ya AC ya majirani inapiga kelele zaidi. Chini wakakuta udongo mgumu, wakauchanganya na majani ya chai yaliyotumika, maganda ya mayai na mavi ya mbuzi ambayo mama aliyabeba chini ya abaya lake kama mtu aliyebeba dhahabu. Baridi ya Riyadh ilipokuja aliufunika mche kwa blanketi langu, mimi nikalala kwenye lake. Kiangazi aliusimamishia kipande cha gunia upande wa magharibi, ili mti wa kivuli nao upate kivuli. Maji ya kunywa yalikuja kwa lori na hayakuchezewa. Mti ulikunywa maji ya suuza, si yale ya povu la kwanza, na maji ya kuoshea mchele, na ya samaki siku ambazo kulikuwa na samaki.

Ukakua. Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Maana mti ukiupita ukuta, uchochoro mzima utajua kwamba ndani mle kuna mtu anaumwagilia. Nyumba yetu ilikuwa inahesabiwa kuwa stoo ya mtu. Kwa hiyo mama akaweka sheria: usawa wa ukuta. Alipanda juu ya ndoo, akanyoosha kiganja juu ya ukuta, na kila chipukizi lililogusa kiganja likakatwa kwa mkasi wa nguo. Matawi ya pembeni aliyainamisha kwa kamba za katani alizonunua soko la Dirah, akafungia mawe ndani ya soksi kuukuu yayavute chini. Mwarobaini ambao kazi yake ni kwenda juu ukalazimika kwenda kando. Ukawa mfupi, mnene, umetanuka kama meza, na chini yake tuliingia wote kwa kuinama. Wala majani hayakutupwa nje, kwa sababu nyumba isiyo na mti haitoi takataka za majani. Tuliyachemsha tukanywa kwa homa, tukayachoma kufukuza mbu, tukayajaza kwenye mito. Nimelalia mito ya mwarobaini utoto wangu wote. Hadi leo nikiona pamba naiona laini mno.

Sheria ya mti ilikuwa ndiyo sheria yangu. Kutocheka kwa nguvu. Kutokimbia karibu na lango. Mtu mgeni akikuuliza jambo, hata akikupa peremende, funga mdomo. Mama mwenyewe alizungumza kwa kunong'ona, na mimi nilidhani ndivyo sauti yake ilivyo.

Halafu ikaja ile miaka ambayo wasichana wa Kenya walimiminika. Kila stendi ya mabasi huko nyumbani ilikuwa na tangazo la kazi Saudia, ndivyo walivyotusimulia, na maajenti walipita hadi makanisani. Waliokuwa na bahati sisi hatukuwaona. Tuliwaona waliokimbia, wa Kitui, wa Busia, wa Nakuru, wamekuja na mfuko wa nailoni na namba ya simu waliyoishika kichwani. Mama hakuwauliza neno. Aliwapa ndoo, wafue nguo walizokuja nazo. "Maji ya suuza mwagia mti," aliwaambia, "halafu uketi." Na wao walimwaga, wakaketi chini ya yale matawi yaliyoinamishwa, wengine wakalala papo hapo mpaka kesho yake. Wakiamka kulikuwa na ugali, kwa kuwa unga tuliupata dukani kwa Mhabeshi, na mboga ya jarjiri iliyokaangwa kwa kitunguu tukijidanganya kwamba ni sukuma wiki. Nilikuwa najua mwanamke amepona siku anapoanza kulalamika kwamba jarjiri ni chungu.

Mmoja wao alikuwa mwalimu wa nasari kutoka Kakamega. Tulimwita Mwalimu tu. Huyo hakuondoka. Alinifundisha kusoma chini ya mti, akiandika kwa mkaa kwenye saruji, na jua likihama tulilihamisha darasa pamoja na kivuli. Kikombe cha chai ya maziwa, kusukana nywele Ijumaa, vichwa vimelaliana mapajani, wanawake wazima wakicheka kwa kuziba midomo na leso hadi machozi yanawatoka. Usinielewe vibaya, kulikuwa na furaha pale. Ilikuwa tu furaha ya kukunja mgongo.

Mwaka ambao mambo yaliharibika, mama aliugua mgongo, akalala siku nyingi. Hakuna aliyekumbuka kupanda juu ya ndoo. Mwarobaini, wewe unaujua, hauhitaji kuambiwa mara mbili. Mama alipotoka nje akiwa ameshika ukuta, matawi yalikuwa yamevuka, tena kwa mbali, na upepo ukiyachezea huko juu. Nami, Mungu anisamehe, niliyapenda. Sikuwa nimewahi kuuona mti ule ukitikisika.

Siku hiyohiyo, baada ya sala ya alasiri, lango likagongwa.

Mwalimu alikuwa na mwiko mkononi, akabaki ameuinua. Mama alinisukuma nyuma ya pipa la maji, akajifunika uso, akafungua kidogo. Alikuwa ni mzee wa nyumba ya ng'ambo ya uchochoro, Msaudia wa siku nyingi, mmoja wa wachache ambao hawakuwa wamehamia mitaa mipya. Nilimwona kupitia upenyo. Alikuwa na fimbo na mfuko wa tende.

"Binti yangu," akamwambia mama kwa Kiarabu, polepole kama anayezungumza na mgonjwa, "mti wenu umefika kwangu. Pale ninapoketi alasiri sasa kuna kivuli. Nimekuja kukuomba usiukate."

Mama akasema, "Sawa, ammi."

"Kila mwaka nasikia mkasi, nasema moyoni, kwa nini hawauachi? Uacheni upite. Na huyo mtoto wako, muache acheke. Tangu alipokuwa analia kwa meno namsikia."

"Shukran, ammi."

Akampa tende, akaondoka akigongagonga fimbo. Mama akafunga lango, akakaa chini palepale na ule mfuko mapajani. Mimi nilitoka nyuma ya pipa nikiruka. Nilikuwa nimeelewa kila neno, Kiarabu changu kilikuwa kizuri kuliko chake. Nikamwambia, mama, ametupenda, amesema tuuache!

"Nimemsikia," akasema. "Lete kisu cha nyama."

Mwalimu akajaribu. "Lakini dada, huyu mzee ni mtu mzuri. Angekuwa na nia mbaya si angeshasema kitambo?"

"Ni mzuri, sikatai. Ana watoto, ana wajukuu, wanakuja Ijumaa. Ataketi kwa kivuli, watamuuliza hiki kivuli kinatoka wapi, naye atawaambia kwa uzuri wake." Akanitazama. "Mtu akijua, amejua. Leo ni mti."

Akaukata. Akishika kiuno, akipumzika, akiendelea, mpaka jua likashuka. Hakukata usawa wa ukuta, alikata usawa wa goti. Zile kamba zikalegea na mawe yakabaki chini ndani ya soksi zao. Nilimchukia siku ile, nakwambia ukweli. Nilikataa chakula chake, na tende za mzee nikazila peke yangu pembeni, nikimtazama. Kesho yake saa za alasiri tulisikia kiti cha mzee kikiburutwa upande wa pili wa ukuta, kikaburutwa tena kurudi ndani. Hakugonga tena.

Baada ya hapo mama hakulala vizuri. Serikali ilikuwa imetangaza muda wa msamaha kwa wasio na karatasi, wajitokeze warudi kwao, na maneno mtaani yalikuwa kwamba Jeddah mambo huenda haraka zaidi. Mwalimu alikataa kuja nasi, alisema yeye hana mtoto wa kumkimbiza. Tulipanda gari la Mkenya mmoja, siku nzima jangwani, mama akiwa amenishika kidole gumba badala ya mkono, sijui kwa nini.

Ukumbi wa Jeddah ulikuwa umejaa wanawake na mabegi. Zamu yetu ilipofika, afisa alitazama picha ya mama kwenye nakala ya pasi yake, akanitazama mimi, akatafuta karatasi yangu ambayo haikuwepo. Akainama kwangu, wala hakuwa mkali. "Yalla, mwanangu, huyu ni nani wako?"

Nikafunga mdomo.

Akauliza tena. Mama akaninong'oneza, "Sema. Sasa sema." Lakini mtu mgeni alikuwa ameniuliza jambo, na mimi nilikuwa mtoto niliyefunzwa vizuri. Nilitazama viatu vyangu. Afisa akapumua, akamwambia mwenzake, "Hana karatasi, hana maneno," akapiga ishara, na mwanamke mwenye sare akanishika mkono kunipeleka kwenye mlango wa pembeni, waliko watoto. Nilikwenda naye. Sikulia, kulia kulikuwa na kelele.

Nilikuwa nimeukaribia ule mlango niliposikia mtu akiniita.

Jina langu, kamili, kutoka mwisho wa ukumbi. Sauti pana, nene, iliyopita juu ya mabegi na vichwa vyote, wanawake wakanyamaza, watoto wa watu wakageuka. Sikuijua. Nakuapia sikuijua sauti ile, nilitazama huku na huku kutafuta mwanamke gani anaweza kuwa na sauti kama hiyo. Nikamwona mama amesimama, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka. Akaniita tena. Nikauponyoka ule mkono nikakimbia, nikapiga kelele njia nzima, "Mama! Mama!" na nilipomfikia nikaendelea kupiga kelele kwa sababu nilikuwa sijui namna ya kuacha.

Yule afisa akaweka kalamu chini. "Halas," akasema. "Ni wake." Damu ilipimwa baadaye, na karatasi zikachukua muda wake, lakini hatukutenganishwa tena hata kwa ukuta wa chumba. Tulipanda ndege moja, kiti kwa kiti.

Nyumba ya Manfuha imebomolewa pamoja na uchochoro wake. Mwalimu alinitumia picha kabla naye hajarudi kwao: kifusi, na matingatinga mawili yamepumzika. Niliikuza ile picha kutafuta kisiki, sikukiona. Mzee wa jirani alishafariki. Ningependa kumwambia kwamba nacheka siku hizi, kwa sauti mbaya sana, watu hunilalamikia kanisani.

Mama yupo, tunaishi pamoja. Bibi alipokuwa hai alipenda kusema kwamba kabla ya Saudia binti yake akiita watu kula upande huu wa reli, na wa ng'ambo walikuja na sahani zao. Nilimsikia akisimulia hivyo mara nyingi, na mama akitabasamu kama anayesikia habari za mtu mwingine. Yeye sasa akinihitaji haniiti. Huacha anachofanya, akaja mpaka nilipo, akanigusa bega. Hata niwe mwisho kabisa wa shamba, na mgongo wake ule. Siku nyingine namwona ametoka mlangoni ananitafuta kwa macho, nami najifanya sijamwona. Nageuka upande mwingine, naacha jembe, nasubiri. Labda leo ataita. Halafu nasikia kandambili zake zikija.